Somo: Maji ya Buluu ya Kutengeneza Ngozi Tuyapeleke Wapi?



Somo la safari hii limetokana na swali. Baada ya mkutano wa vikundi hapa Kyuso, mama mmoja alibaki nyuma wenzake wakiondoka, akasema: "Sisi tumeamua kuacha kuuzia mabroka ngozi za mbuzi kwa bei ya kutupa. Tuna mapipa mawili, na kijana wetu aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha ngozi ametuletea ule unga wa kijani. Ngozi zinatoka nzuri. Lakini hayo maji ya buluu yanayobaki, tunamwaga wapi? Kijana anasema tuchimbe shimo kando ya mto."

Tulimwambia asimwage kwanza, afunike pipa, na tungempa jibu. Hili ndilo jibu, na tunaliandika hapa kwa sababu tunajua si kikundi kimoja tu kinachofikiria biashara hii. Mbuzi ndio benki yetu, na ngozi ya mbuzi wa Mwingi na Kyuso ni ngozi nzuri. Hakuna ubaya kutaka kuiongezea thamani. Shida iko kwenye pipa.

Kila mmoja wetu anajua "kando ya mto" maana yake nini huku. Mto wetu ni mchanga. Mvua ikipita, maji hujificha chini, na wakati wa kiangazi mama anachimba kwa kibuyu mpaka ayapate. Vikundi vya mwethya vimebeba mawe miaka mingi kujenga mabwawa ya mchanga, hapa Kitui na kule Makueni, ili maji hayo yakae. Kwa hiyo shimo la kando ya mto si jalala. Ni kama kumwaga ndani ya mtungi wa jirani.

Ule unga ni nini?

Ule unga wa kijani ni chumvi ya madini yanayoitwa kromiamu. Ngozi mbichi huoza kwa sababu ni nyama tu. Kromiamu huingia ndani ya ngozi na kufunga nyuzi zake pamoja, ngozi ikawa haiozi tena hata ikilowa. Njia hii ilianza kutumiwa na viwanda mwishoni mwa karne ya 19, na leo sehemu kubwa ya ngozi zote duniani hutengenezwa hivyo, viatu vya shule vya watoto wetu vikiwemo. Sababu ni haraka. Kazi ambayo kwa maganda ya miti huchukua wiki kadhaa, kromiamu huimaliza kwa siku moja hivi. Ngozi hutoka na rangi ya buluu, na ndiyo maana wenye viwanda huiita ngozi ya buluu.

Lakini ngozi hainywi dawa yote. Tufanye hesabu pamoja. Aliye na kalamu achukue. Tuseme kikundi kina kilo 10 za ngozi zilizokwisha kutolewa nywele. Kawaida watu hutia unga wa asilimia 8 ya uzito huo, yaani gramu 800. Ndani ya unga huo, kromiamu yenyewe ni karibu gramu 136, mengine ni chumvi na vitu vingine. Ngozi ikishika vizuri itachukua asilimia 70. Inabaki asilimia 30, yaani gramu 40 hivi, ndani ya maji ya pipa.

Gramu 40 ni kidogo, si ndiyo? Haijazi hata kiganja. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromiamu kwa kila lita. Ukitaka kuzimua gramu 40 mpaka zifike kipimo hicho, unahitaji lita 800,000 za maji safi. Hiyo ni mitungi 40,000 ya lita 20. Kwa pipa moja tu, la siku moja. Na kama ngozi haikushika vizuri, maana kwa mapipa ya mkono mara nyingi haishiki kama kwa mashine, hesabu inapanda.

Kromiamu ya aina mbili

Hapa lazima tuseme ukweli wote, maana kutisha watu bila sababu pia si vizuri. Kromiamu iko ya aina mbili ambazo zatuhusu. Wataalamu huziita kromiamu ya tatu na kromiamu ya sita. Ile ya kutengeneza ngozi ni ya tatu. Hii si sumu kali. Kwenye udongo usio na asidi hushikamana na udongo na haisafiri mbali. Ile ya sita ndiyo mbaya. Inayeyuka upesi, inasafiri na maji ya chini, inatoboa ngozi ya mikono na ukuta wa ndani ya pua kwa wanaofanya nayo kazi, na mvuke au vumbi lake limethibitishwa kuleta saratani ya mapafu. Hiyo hutumika kupaka vyuma vile vinavyong'aa, na katika dawa za mbao.

Mafundi wetu wa ujenzi wanaijua bila kujua. Mikono inayopasuka na kuwasha kwa miaka kwa sababu ya simiti, mara nyingi chanzo chake ni kromiamu ya sita kidogo iliyomo ndani ya simiti. Na jambo jingine, ingawa ni nje kidogo ya somo: nguzo za stima zenye rangi ya kijani nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Kipande kikibaki, usikipikie. Majivu yake ni sumu.

Basi mtu atasema: kama yetu ni ya tatu, si tumwage tu? Hapana, kwa sababu tatu. Ya kwanza, maji ya pipa yana asidi, na asidi huibeba kromiamu mbali zaidi kuliko ingeenda yenyewe. Ya pili, ndani ya udongo wenye manganizi, sehemu ya ile ya tatu inaweza kugeuka polepole kuwa ya sita. Ya tatu, watu huchoma takataka. Ukichoma vipande vya ngozi ya buluu au tope lake, ule moto unageuza kromiamu ya tatu kuwa ya sita, nayo inabaki kwenye majivu. Halafu majivu yanapelekwa shambani! Msichome vipande hivyo, na msiwape mbwa wala kuku.

Wenzetu yaliwapata

Kule California, Marekani, kuna kijiji cha jangwani kinaitwa Hinkley. Watu wake walitegemea maji ya visima, kama sisi. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilikuwa na kituo cha kusukuma gesi hapo, na kati ya mwaka 1952 na 1966 ilitia kromiamu ya sita kwenye maji ya kupoza mitambo ili vyuma visishike kutu. Maji machafu yakamwagwa kwenye madimbwi ambayo mengi hayakuwa na sakafu. Yaliingia chini kimyakimya. Watu walikuja kufahamu miaka mingi baadaye, wakaenda mahakamani, na mwaka 1996 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 333. Pesa zililipwa, lakini kazi ya kusafisha maji ya chini iliendelea miaka mingi baada ya hapo. Ona tofauti: kumwaga kulikwisha mwaka 1966.

Bangladesh nako, katika mji wa Dhaka, viwanda zaidi ya 150 vya ngozi vilikuwa vimebanana mtaa wa Hazaribagh vikimwaga mtoni. Mwaka 2017, kwa amri ya mahakama, vilikatiwa stima na gesi vikahamia Savar, mahali palipojengwa mtambo mmoja wa kusafisha maji ya wote. Huko nako mtambo ukawa haumudu kazi, hasa upande wa kromiamu. Kuhama si kusafisha.

Na hapa kwetu? Mto Nairobi huingia Mto Athi, na Athi hupita mji wa Athi River wenye viwanda vya ngozi na vya simiti, ukashuka kati ya Makueni na Kitui, kisha ukaitwa Galana na Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, liko njia hiyo hiyo. Ndugu zetu wa Makueni wana haki ya kuuliza kila siku kinachomwagwa juu yao. Sisi wa Kyuso maji yetu huelekea Tana. Hatuna kiwanda juu yetu. Itakuwa ajabu tukijiletea wenyewe.

Viwanda vinavyofanya vizuri hufanya nini?

Siri ya kwanza ni kutochanganya. Kiwanda kizuri kina mifereji miwili au zaidi. Maji ya kutolea nywele, yenye chokaa na salfaidi, huenda njia yake. Maji ya buluu huenda njia yake. Jamani, hapa msikilize sana. Yale maji ya kutolea nywele yakikutana na maji yenye asidi, hutoka hewa inayonuka kama yai bovu. Hewa hiyo huua. Tena ni ya hila: ikiwa nyingi, pua huacha kuisikia, mtu akadhani imeisha, kumbe ndiyo imezidi. Watu wameanguka ndani ya mashimo ya viwanda vya ngozi, na aliyeshuka kumwokoa mwenzake akaanguka juu yake. Pipa la nywele na pipa la buluu yasimwagwe shimo moja hata siku moja.

Baada ya kutenganisha, maji ya buluu hupitishwa kwenye chekecheo ili nyuzi na mafuta vibaki. Kisha hutiwa kitu cha kuua asidi. Mnajua ndimu na chokaa ni maadui. Wataalamu hupima kwa kipimo kinachoitwa pH, chenye namba kutoka 0 mpaka 14: ndimu iko karibu na 2, maji safi 7, chokaa karibu 12. Maji ya buluu yakitoka kwenye ngozi huwa kama 4 hivi. Yakipandishwa polepole mpaka 8 au 8.5, kromiamu haiwezi tena kukaa imeyeyuka. Inaganda, inakuwa kama uji wa kijani-kijivu, inashuka chini. Maji ya juu yanabaki meupe. Viwanda vingine hutumia magnesia badala ya chokaa, kwa sababu tope lake ni dogo na zito, na linaweza kuyeyushwa tena kwa asidi ya salfuriki likatumika kwa ngozi nyingine. Hapo kiwanda kinapata faida mara mbili, kwa sababu hakinunui dawa mpya yote na pia hakichafui. Tope la chokaa halifai kwa hilo, limejaa jasi.

Penye kromiamu ya sita, chokaa peke yake haisaidii kitu. Lazima kwanza igeuzwe kuwa ya tatu, ndani ya maji yenye asidi, kwa dawa kama salfeti ya chuma, mpaka ile rangi ya manjano iwe ya kijani. Ndipo inafuata chokaa. Kazi hiyo ina hewa zake mbaya, waachieni wenye maabara.

Lile pipa lililokwisha kujaa

Sasa tumrudie mama yetu. Pipa lake tayari liko, haliwezi kurudi dukani. Tulimshauri hivi, naye anaweza kushauri wengine.

Avae glavu za mpira, buti, na miwani ya kukinga macho. Awe mahali pa hewa, mbali na watoto na mifugo. Maji yachujwe kwa kitambaa ndani ya pipa la plastiki, maana pipa la chuma litaliwa na asidi. Achukue chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupaka ukuta, si ile ya mawe inayochemka ikiguswa na maji, aikoroge na maji pembeni mpaka iwe kama maziwa. Atie kidogo kidogo huku mwingine akikoroga kwa mti. Kila baada ya muda achovye karatasi ya kupimia pH. Wauza dawa za maabara wanazo, na mwalimu wa sayansi wa sekondari anajua kuzisoma. Karatasi ikionyesha 8 mpaka 8.5 asimame. Akiona haraka akamwaga chokaa yote mara moja atapoteza chokaa na kupata tope maradufu.

Aache usiku kucha, afunike. Asubuhi ataona mstari: juu maji, chini tope. Maji ya juu ayatoe kwa mpira bila kutibua.

Hapa wengi wangeshangilia na kumwaga. La. Maji kuwa meupe si ushahidi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 hapa Kenya ziliweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita kwa kromiamu yote katika maji taka yanayoachiliwa, na 0.05 kwa ile ya sita. Jicho haliwezi kuona miligramu 2. Inahitaji maabara. Na hata kromiamu ikiisha, chumvi imebaki. Ngozi hutiwa chumvi nyingi sana kabla ya dawa, na chokaa haitoi chumvi. Ukimwagia mti, mti unakauka. Ukimwaga karibu na kisima, maji yenu ambayo mahali pengine tayari ni ya chumvi, yanazidi. Kwa hiyo maji hayo yawekwe kwenye beseni pana lenye kina kifupi, lililosakafiwa kwa simiti au kutandikwa plastiki nzito kama ile ya silanga, lizungushiwe ua wa miiba, tuliachie jua la Kyuso lifanye kazi yake. Kwa mara moja tunashukuru jua hilo.

Tope likauke kivulini juu ya plastiki, litiwe ndani ya mtungi wenye kifuniko, uandikwe SUMU, na ukabidhiwe mwenye leseni ya NEMA ya kubeba taka za hatari, au kiwanda cha ngozi kitakachokubali kulipokea. Si mbolea hata kidogo. Ofisi ya NEMA ya kaunti waulizwe kabla, si baada.

Mwanakikundi mwerevu ameshaona kitu: kazi ya kusafisha pipa moja imekuwa kubwa kuliko kazi ya kutengeneza ngozi. Glavu, chokaa, karatasi, maabara, plastiki, usafiri. Weka hesabu hiyo kando ya bei ya ngozi 10. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inahesabu utengenezaji wa ngozi kati ya kazi zinazotakiwa kufanyiwa uchunguzi wa mazingira kabla ya kuanza. Kwa maoni yetu, kikundi cha kijiji kisitumie kromiamu. Kiwanda chenye mtambo wake kitumie, tukiangalie vizuri. Sisi tutafute njia nyingine.

Njia zilizobaki

Ya kwanza ni rahisi na wengi wanaidharau. Hasara kubwa ya ngozi zetu hutokea kabla haijafika kwa broka: kisu kimetoboa, ngozi imeanikwa chini kwenye mchanga na jua kali ikaiva, kupe wamekula, chapa ya moto imewekwa ubavuni. Chuna kwa ngumi badala ya kisu. Osha, toa nyama iliyobaki, tundika kwenye fremu kivulini penye upepo, au tia chumvi. Vikundi vikikusanya pamoja na kupanga madaraja, vinaweza kupeleka mzigo kiwandani moja kwa moja bila broka.

Ya pili ni tanini ya miti. Wazee wetu walilainisha ngozi kabla ya unga wowote kuja. Viwanda hutumia maganda ya muwati, ambao hukua nyanda za baridi, si kwetu. Lakini huku tuna mgunga ambao Wakamba wengi huuita musemei, na vikonyo vyake vina tanini nyingi. Sudan wamevitumia tangu zamani. Okota vikonyo vilivyoanguka, usibambue mti maganda, mti ukibambuliwa kuzunguka unakufa. Vipondwe, vilowekwe, na ngozi ianze kwa maji hafifu ikihamishwa kwenye maji makali zaidi, wiki baada ya wiki. Itatoka ya rangi ya udongo, ngumu kidogo, nzuri kwa mishipi, viatu vya wazi na mifuko. Wapo wateja Nairobi wanaotafuta ngozi ya namna hiyo hasa.

Msidhani hata hivyo kwamba maji ya tanini ni ya kunywa. Ni meusi, na yakiingia kwenye silanga hula hewa ya maji samaki wakafa. Lakini haya yanaweza kutumika tena na tena, na mwisho kumwagwa kwenye shimo la mboji mbali na maji. Na kazi ya kutoa nywele ifanywe kwa chokaa au majivu na subira, bila salfaidi.

Yule mama alicheka tulipofika kwenye "wiki baada ya wiki." Akasema, "Kijana atakataa." Tukamwambia amlete kijana. Anajua kazi, mikono yake imezoea, na wenye ujuzi kama wake huku ni wachache. Amekubali kuja na pipa la tanini litaanzwa mvua ikipungua.

Ya kuzungumza kikundini

Kisima au bwawa la mchanga tunalotegemea liko wapi, na ni nani anamwaga nini juu yake: bucha, kioski cha kuosha pikipiki, dipu ya mifugo, karakana?

Kama kikundi kingine juu ya mto wetu kingeanza kutengeneza ngozi kwa unga wa kijani, tungeenda kwao na maneno gani kabla ya kwenda kwa chifu?

Hesabuni ngozi zilizotoka bucha za soko letu mwezi uliopita. Ngapi ziliharibika kwa kisu au kwa jua, na hiyo ni hasara ya shilingi ngapi?

Nani kati yetu anajua kusoma karatasi ya pH, na nani atamwuliza mwalimu?